Mishahara kwa Wakala, Bima kwa Mwajiri

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, hoteli, vyuo, makandarasi na kampuni za usafi na ulinzi zimeongezeka kuufuata mji unaokua. Waajiri wadogo miongoni mwao hawana ofisa utumishi. Mikataba, mishahara, makato ya NSSF na kodi ya mapato hukabidhiwa kampuni ya nje inayouza huduma za rasilimali watu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale kampuni hiyohiyo inapoongeza bima ya afya katika mkataba wake na mwajiri akaipokea bila kuichunguza, kwa kuwa imekuja kwenye ankara moja. Bima ya afya ichaguliwe peke yake, na mwajiri mwenyewe, hata kama kila kazi nyingine ya utumishi imetolewa nje.

Kazi hizi mbili hazifanani. Viwango vya makato vimewekwa kisheria, hivyo hesabu ya mshahara ni ileile, iwe imefanyiwa Dar es Salaam au Dodoma, na ikikosewa hurekebishwa mwezi unaofuata. Bima hutegemea mahali, na kasoro yake hugundulika mgonjwa akiwa tayari dirishani. Orodha ndefu ya hospitali za Dar es Salaam haimfai mhudumu wa hoteli ambaye mwanawe hutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Benjamin Mkapa, wala fundi mwenye familia Manyoni anayeitegemea St. Gaspar ya Itigi. Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilipositisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kutokubaliana na bei za kitita kipya cha mafao, nchi nzima iliona kuwa thamani ya kadi ni kile kituo kinachoipokea. Anayechagua bima sharti ajue wafanyakazi wake wanaishi wapi na wanatibiwa wapi. Mtayarishaji wa mishahara aliye mbali hana sababu ya kulijua hilo.

Tena kuna suala la masilahi. Soko letu la bima, linalosimamiwa na TIRA, hutofautisha wakala, anayeiwakilisha kampuni ya bima, na dalali, anayemwakilisha mteja. Kampuni ya utumishi inayolipwa na mwajiri kwa mkono mmoja na kupokea kamisheni ya bima kwa mkono wa pili inapaswa kueleza imesimama upande upi. La kuangalia zaidi ni jina lililoandikwa kwenye bima. Likiwa la kampuni ya utumishi, mkataba wa mishahara ukivunjika na bima nayo huondoka, pamoja na kumbukumbu za madai ambazo mwajiri angezitumia kujadili bei mpya. Mfanyakazi mjamzito anaweza kujikuta anaanza upya kipindi cha kusubiri mafao ya uzazi, kwa sababu tu bosi wake hakuridhika na utunzaji wa hesabu.

Wanaotetea mkataba mmoja wana hoja nzito: wingi hushusha bei. Marekani, kampuni za aina hii huwakusanya wafanyakazi wa waajiri wengi wadogo na kuwapatia bima ambayo duka la watu 10 lisingeimudu. Lakini hapa NHIF tayari imefanya mkusanyiko huo. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akichangia angalau nusu, na kiwango hakipandi kwa sababu kundi ni dogo. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi hadi 4. Hoja ya wingi hubaki na nguvu kwa anayetaka bima binafsi. Huyo asiikatae ofa ya pamoja kabla ya kuipima, ila adai bei ya bima ioneshwe kando na bima iandikwe kwa jina lake.

Wengine watasema mwenye watumishi 15 hana muda wa kufuatilia mikataba miwili. Hata hivyo, kutenganisha uchaguzi si kutenganisha makaratasi. Kampuni ya mishahara inaweza kuendelea kukata michango na kuiwasilisha, huku uamuzi ukibaki kwa mwajiri na wafanyakazi wake. Sheria nayo inaelekea huko. Kanuni za mwaka 2014 ziliwazuia mawakala binafsi wa ajira kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inampa mwajiri wajibu wa kuwaandikisha watumishi wake. Kwa kuwa lawama itamrudia yeye, ni busara uamuzi nao uwe wake. Mkataba wa utumishi unapokaribia kuhuishwa, awaulize wafanyakazi wanatibiwa wapi, aulize nani anapata kamisheni, kisha aulize bima itabaki na nani mkataba ukiisha. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaamue, si wepesi wa kulipa ankara moja.