Daktari wa wilaya afundishwe wilayani

Mwanafunzi wa udaktari Tanzania husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja akiwa daktari tarajali. Sehemu kubwa ya muda huo huwa yuko hospitali kubwa, penye mabingwa wa kila idara na maabara isiyolala. Huzoea kuandika vipimo, kumpigia bingwa simu na kusubiri majibu. Kisha hupangiwa halmashauri ya mbali. Bingwa hakuna, umeme umekatika, na mama mwenye kifafa cha mimba ameletwa kwa bodaboda saa nane usiku.

Daktari huyo hutibu alivyofundishwa: huandika rufaa. Hatumlaumu yeye. Tunawalaumu waliompangia mafunzo.

Nchi hii iliwahi kufundisha vingine. Daktari msaidizi alikuwa tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, mara nyingi vijijini, akarudi chuoni miaka miwili kuongeza ujuzi, upasuaji ukiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa zaidi ya upasuaji wa uzazi nane katika kila kumi ulifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Walifanikiwa kwa sababu walifundishwa kazi ileile iliyokuwa ikiwasubiri. Kule Eldoret, Kenya, nako, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wake wa udaktari kwenye vituo vya afya vya vijijini kama sehemu ya masomo, si matembezi ya likizo.

Ni kweli kwamba hospitali ya rufaa humwonyesha mwanafunzi magonjwa adimu ambayo hatayakuta kwingine. Aende, ayaone. Lakini malaria kali, utapiamlo, uzazi pingamizi na kisukari kilichochelewa kugunduliwa ndiyo kazi ya kila siku ya daktari wa wilaya, na kazi hiyo haifundishiki vizuri mbali na wilaya.

Tunaitaka Wizara ya Afya na vyuo vya udaktari vipange muhula mzima wa mafunzo katika hospitali za wilaya, wenye mtihani wake na alama zinazohesabiwa. Wanafunzi wapewe nyumba za kulala. Na daktari wa wilaya atakayewafundisha atambuliwe kuwa mwalimu kwa barua na kwa posho, maana leo kazi hiyo akiifanya huifanya bure, baada ya zamu.