Kijana Achuma, Jina ni la Mzee

Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa katika mashamba makubwa ya Kericho, na watu wakajeruhiwa. Vijana walioziona zikifanya kazi ya wachumaji wengi waliambiwa waache fujo, wakajiajiri. Hatuungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini twauliza: kijana huyu ajiajiri kwa dhamana gani?

Mtazameni mkulima mdogo apelekaye majani Litein, Kapkatet au Mogogosiek. Kijana ndiye aamkaye alfajiri na kikapu mgongoni, naye ndiye asimamaye foleni katika kituo cha kupimia. Hata hivyo namba ya mkulima, akaunti ya benki na bonasi ni vya baba. Hati ya shamba, mara nyingi, ingali kwa jina la babu aliyekwisha kuzikwa. Kijana aombapo mkopo wa kununua pikipiki au cherehani, huulizwa hati hiyo hiyo. Kuipata ni safari ndefu: shauri la mirathi mahakamani, miezi 6 kabla ya mgawanyo kuthibitishwa, na shamba likikatwa vipande, ruhusa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967. Tena ekari moja ikigawiwa ndugu watano, nani atabaki na shamba?

Mifuko ya serikali si haba: wa Vijana mwaka 2006, Uwezo mwaka 2013, na Hustler mwaka 2022, uliofunguliwa kwa mikopo ya shilingi 500 hadi 50,000 kwa mtu mmoja. Shilingi 500 haijazi hata tangi la pikipiki.

Wala sheria haikosekani. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika hukubali mifugo, mitambo, mazao, hata malipo ambayo mtu anayadai, kuwa dhamana ya mkopo. Kwa maoni yetu, kijana mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, na mapatano yaliyoandikwa na babake juu ya fungu lake la bonasi, ana cha kumwonyesha mkopeshaji. Lakini sisi hatujaisikia sheria hiyo ikitajwa katika baraza lolote la chifu.

Kwa hiyo twawataka wakurugenzi wa viwanda, waliochaguliwa na wakulima wenyewe, wawaandikishe vijana kwa namba zao kwa sehemu waliyokabidhiwa na wazazi, pasipo kungoja hati igawanywe. Vyama vya akiba na mikopo navyo viitumie sheria ya 2017. Wazee wetu twawasihi kwa heshima: andikeni mapatano na watoto wenu mngali hai, mabinti wakiwemo, kwa maana kifungu cha 38 cha Sheria ya Mirathi hakiwabagui.

Na makanisa ya Kericho na Bomet yatupe saa moja baada ya ibada. Mawakili wetu watakuja bila malipo; waumini waje na karatasi za mashamba, hata zile zilizochakaa.