Michezo: Tulinde Uwanja wa Shule



Mimi ni mpenzi wa michezo, naishi Temeke. Huku nyumba zimesongamana. Watoto hucheza mpira barabarani, magari yakipita.

Mfikirie Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alisoma Shule ya Sekondari Makongo, Kinondoni, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani.

Urefu alizaliwa nao. Mchezo alijifunza uwanjani.

Je, shule ya kijiji chako ina uwanja? Usikubali ukatwe viwanja vya nyumba. Ukishajengwa, haurudi. Usemee mkutanoni leo.