Kiti cha Nyuma Kina Mwenyewe

Siku nilipomwambia mama watoto kwamba tununue pikipiki kubwa ya safari, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Alimaliza ungo mzima, akaupepeta, kisha akauliza swali moja tu: "Na mimi nitakaa wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Akiba yetu katika chama cha akiba na mikopo ilikuwa imefikia kiasi cha kununua gari kuukuu au pikipiki nzuri. Watoto wako shule za bweni, hivyo wasafiri ni sisi wawili. Kwao mama watoto ni Kakuma, mwendo wa kilomita 800 hivi kutoka Nairobi, na kwa miaka mingi tumekwenda huko kwa basi, usiku kucha, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Pikipiki, nilijiambia, ingetupa uhuru wa kusimama tunapotaka, na hasa wa kukata kona pale Lodwar twende tukalione ziwa Eliye Springs. Yeye alifika huko mara moja tu, akiwa msichana wa shule. Mimi nilikuwa sijawahi.

Ili kumlainisha nilimsimulia habari za Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili wa Uingereza walioondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther, wakavuka jangwa la Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Alisikiliza vizuri. "Hao," akasema, "walikuwa na kigari cha pembeni. Mimi unaniweka wapi?"

Tukaenda kutafuta. Pikipiki ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ndefu kama ngamia, imepakwa rangi ya kumeta, na sauti yake ilinitoa akili. Muuzaji (simtaji, anajijua) akanipa ufunguo nikazunguka mtaa mara mbili. Niliporudi mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Mama watoto akaomba ikae juu ya stendi, akavaa helmeti, akapanda nyuma, akakaa. Dakika moja, mbili, tano. Muuzaji akaanza kucheka. Alikaa robo saa nzima. Kiti chenyewe kilikuwa chembamba kama mgongo wa samaki, vikanyagio viko juu mno, magoti yake yamekaribia kifua. Aliposhuka alisema, "Hapa nafika Naivasha, basi."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu rafiki yangu mmoja akanishauri nitafute rekodi za pikipiki hiyo kwa NTSA kabla sijasema neno zaidi. Nambari ya injini iliyochongwa kwenye chuma haikulingana na ile ya kwenye rekodi. Sikumwambia mama watoto jambo hilo mpaka baada ya mwezi mmoja, maana mwanamume naye ana haya yake.

Tangu hapo nilianza kutazama pikipiki kwa kuanzia nyuma. Honda CRF250L ni nyepesi na mchanga inauweza, lakini tangi la zile za kwanza halifiki lita 8, na kiti kiko zaidi ya sentimita 87 kutoka chini. BMW R1200GS Adventure, zile zilizokuwa na tangi la lita 33, ina kiti cha nyuma cha kifalme. Lakini tangi likijaa inakaribia kilo 256, na ikilala mchangani watu wawili waliochoka na jua watabaki kuitazama tu. Hatimaye tuliangukia Royal Enfield Himalayan iliyotumika, ile ya sentimita za ujazo 411. Nguvu zake ni za farasi 24 hivi, haziwezi kumtisha mtu. Kiti kiko sentimita 80 kutoka chini, tangi ni lita 15, na gurudumu la mbele ni la inchi 21, kubwa la kutosha kuruka mashimo. Mama watoto alikaa robo saa yake. Akasema, "Hii lipa."

Tulilipia benki, muuzaji akaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mtandao huku nikiwa nimekaa naye, nami nikaukubali papo hapo. Usikubali kuambiwa "nitakutumia logibuku wiki ijayo." Wiki hiyo huwa haifiki. Tukanunua helmeti mbili za kufunika uso wote na makoti mawili ya kung'aa, maana sheria yataka mwendeshaji na abiria wote wavae, na abiria ni mmoja tu.

Ipo elimu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye sheria. Pikipiki iliyobeba wawili na mizigo si ile uliyoijaribu peke yako. Tulipokwenda Naivasha kwa majaribio, madereva wa malori walinimulikia taa njia nzima mpaka nikawaudhikia. Kumbe uzito ulikuwa umelalia nyuma, na taa yangu ilikuwa inamulika macho yao badala ya lami. Ikabidi nikaze springi ya nyuma na kuishusha taa. Cheni nayo hukazika watu wawili wanapokaa, hivyo ukiipima pikipiki ikiwa tupu ukaikaza barabara, unaitafutia kukatika. Tena upepo humeza maneno. Tulipatana ishara: kofi moja begani ni "simama", mawili ni "punguza mwendo". Nilipigwa mengi ya mawili.

Siku ya safari tulilala Kitale. Asubuhi tukapita Makutano, tukajaza tangi, tukateremka Kamatira kuelekea Chepareria na Ortum. Hapo ndipo nilipojua breki zangu ni za mtu aliyezoea kwenda peke yake. Kila nilipozishika ghafla, helmeti yake iligonga yangu kama vikombe kwenye sinia. Akanifundisha kwa makofi: anza mapema, polepole, mpe mtu wa nyuma nafasi ya kujishika.

Ukishapita Marich milima inabaki nyuma na joto linakupokea kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Lodwar ni kama 500 tu. Kainuk hatukukaa. Upande huo una historia ya ujambazi, na Februari 2023 serikali iliitaja Turkana na Pokot Magharibi miongoni mwa kaunti zenye maeneo hatari. Uliza polisi kabla hujapita, pita mchana, na usijifanye shujaa.

Barabara hii imeona mambo. Ilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980, kisha mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na nchi hiyo, na mashimo yakaachiwa nafasi yatambe. Nakumbuka nyakati ambazo basi liliona heri kupita mchangani kando ya lami kuliko juu yake. Siku hizi, kutoka Lokichar, mji uliojulikana duniani mafuta yalipogunduliwa karibu nao mwaka 2012, kazi iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia imeibadilisha. Tuliingia Lodwar jua likiwa bado juu, mgongo wangu ukilalamika. Wa mama watoto haukulalamika.

Kesho yake tukashika njia ya Kalokol, kisha tukakata kulia kwenda Eliye. Hadi hapo nilikuwa dereva hodari. Halafu mchanga ukaanza.

Mchanga wa Turkana haukupi onyo. Unaona njia imenyooka, kumbe chini ni unga. Usukani ukaanza kucheza. Kofi moja begani. Nikasimama. "Nishushe nitembee," akasema, "na upunguze upepo wa magurudumu." Mbele yetu walikuwa vijana watatu na mbuzi wao, wamesimama kututazama. Nikaona aibu kumshusha mke wangu mbele yao. Nikamwambia ashike vizuri.

Hatukufika mita 100. Gurudumu la mbele lilizama, nikakata mafuta kwa hofu, na kukata mafuta ndilo kosa lenyewe. Tukalala. Mimi niliangukia mchangani nikawa mzima. Yeye mguu ulibanwa, na ndama ya mguu ikagusa bomba la moshi. Sauti aliyoitoa naisikia mpaka leo.

Aliketi chini, akavuta suruali, pakatokea alama yenye upana wa sarafu ya shilingi 20. Mama watoto ni muuguzi. Nilikimbilia mkobani kutafuta mafuta ya kupaka, akanizuia kwa mkono. Alitaka maji, maji matupu, na akayamwaga polepole juu ya jeraha, karibu chupa zetu zote mbili, dakika nyingi, bila kusema neno. Hakuna mafuta, hakuna dawa ya meno, hakuna yai. Kisha akalifunika kwa kitambaa safi. Nilisema "pole" mara tatu. Alinyamaza zote tatu.

Halafu akasimama, akachutama kando ya magurudumu, akaanza kutoa upepo. Presha ilikuwa 32, akaishusha hadi 22 hivi. "Chini ya hapo tyubu itajizungusha ndani," akasema, si kwangu hasa. Akavaa helmeti, akashika usukani.

Hapa yafaa nikiri jambo. Kabla hatujaoana mama watoto alifanya kazi kwao, miaka ile kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992 ilipokuwa ikizidi kujaa, na alikuwa akienda vijijini kwa pikipiki ya zahanati. Aliwahi kunisimulia. Mimi nililiweka kapuni, kama mtu anavyoweka picha za zamani. Tulipokuwa tukichagua pikipiki ya kwenda Turkana, sikumwuliza hata mara moja mchanga unaendeshwaje.

Alisimama juu ya vikanyagio, kiuno akakirudisha nyuma, gia ya pili, akafungua mafuta bila kusitasita. Usukani ulicheza, akauacha ucheze. Vijana wakapiga vigelegele vya kiume. Nami nikabeba mkoba nikafuata kwa miguu, nikisindikizwa na mbuzi. Penye mchanga alikwenda peke yake akaningoja ng'ambo, penye changarawe nilipanda nyuma. Vikanyagio vya nyuma, nilikuja kugundua, vinatetemeka kuliko vya mbele.

Eliye ni mikoma mirefu, chemchemi za maji matamu zinazotoka chini yake, na ziwa ambalo rangi yake hubadilika kila mara upepo unapogeuka. Teleki alipolifikia mwaka 1888 aliliita Rudolf, na jina la Turkana lilirudi kwa watu wake mwaka 1975. Maji ya ziwa lenyewe ni ya magadi, hayazimi kiu, na mamba wamo, kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kuvua viatu. Mama watoto aliuosha mguu wake kwenye chemchemi jioni, upepo ukitupiga. Ndipo aliposema, "Nilikuuliza nitakaa wapi. Mara mbili." Sikuwa na jibu, nikampa samaki.

Tulikaa siku mbili, jeraha likaanza kukauka, tukarudi Lodwar na kushika lami ya kilomita 120 hadi Kakuma. Hapo kando ya njia mathenge umeota kila mahali, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa jangwa lenyewe, na miiba yake haibishani na tairi. Tuliingia kwa mama mkwe gurudumu la nyuma likipumua. Fundi kijana aling'oa miiba mitatu, akaziba tyubu kivulini.

Mama mkwe aliona kitambaa mguuni kabla ya kuiona pikipiki. Akauliza kwa Kiturkana. Mama watoto akajibu kirefu, kirefu sana, na katika maneno hayo yote nililoelewa ni "pikipiki". Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ekicholong chake akacheka mpaka akakohoa. Akainuka, akaja kukibonyeza kiti cha nyuma kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipa mkono wa pole.

Nilipotaka kuisogeza pikipiki kivulini jioni ile, ufunguo haukuwepo. Ulikuwa katika mkoba wa mama watoto, na tulivyorudi hadi Marich haukutoka mkononi mwake.