Udaktari wa Daftari

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yajulikana na kila mtoto wa shule, lakini wachache hufikiri upande wake wa pili. Yamkini mali ikawa na daftari, daftari likawa safi, na bado mwenye mali akaona fungu lake linapungua asijue sababu. Juu ya upande huo ndipo nitakapo kusema.

Katika vilima vya Kericho na Bomet, kijana amalizapo shule na alama nzuri za hisabati hupewa shauri moja: asome uhasibu, apate cheti cha CPA, aajiriwe kiwandani au benki, awajengee wazazi wake nyumba. Wote humsifu. Lakini akitokea mmoja akanena kuwa ataka kuendelea mpaka shahada ya udaktari katika uhasibu, sifa hugeuka kicheko. Huulizwa: kujumlisha na kutoa kwahitaji miaka mingapi? Daktari wa mifugo humponya ng'ombe. Daktari wa hesabu humponya nani?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini lastahili jibu la kweli.

Tutazame jani la chai. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka kituoni, yakapimwa, naye akapewa risiti. Tangu hapo hayaoni tena, ingawa yeye ni mwenye hisa katika kiwanda. Kiwandani, kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hupelekwa Mombasa, ikauzwa mnadani kwa dola, na dola zikageuzwa shilingi. Katika shilingi hizo hutolewa gharama za kuni, umeme, mishahara, magari na magunia, ada ya usimamizi, ada ya madalali na riba ya mikopo. Mkulima hulipwa kiasi kidogo kila mwezi. Kinachosalia baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni 30 ndicho kiitwacho bonasi. Karo ya shule, mabati ya nyumba na deni la duka vyote huingojea bonasi hiyo.

Mwaka 2025 bonasi ilipotangazwa, wakulima wengi wa magharibi ya Bonde la Ufa, wa Kericho na Bomet wakiwamo, walilalamika kwamba wamepata kidogo, tena kidogo sana kuliko wenzao wa mashariki. Majibu yalitolewa kwa vipaza sauti. Palisemwa wizi, palisemwa soko, palisemwa ubora wa majani. Huenda kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli. Lakini kila chembe ilikuwa na uzito gani?

Shilingi ya Kenya, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2024 ilibadilishwa karibu 160 kwa dola moja, ilipata nguvu ikafika 130 hivi katikati ya mwaka huo. Chai iliyouzwa kwa dola zilezile ikaleta shilingi pungufu. Tena, mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa mnadani kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo, na katika miaka iliyofuata chai nyingi isiyonunuliwa ikalala katika maghala ya Mombasa. Chai iliyolala iandikwe kitabuni kwa thamani gani: ile iliyoigharimu, au ile itakayopata ikiuzwa? Ikiandikwa juu mno mwaka huu, mkulima wa mwaka ujao ndiye atakayelipa kosa.

Mhasibu mwenye CPA ni mtu wa kuheshimiwa. Bodi ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, haitoi vyeti vyake kwa wavivu. Lakini kazi ya mhasibu na ya mkaguzi ni kuthibitisha kwamba vitabu vya kiwanda hiki, kwa mwaka huu, vyaonyesha hali ya kweli kwa kadiri ya kanuni. Hakuajiriwa kuuliza kwa nini viwanda viwili vyenye vitabu safi hulipa bonasi mbili zilizo mbali kama mbingu na nchi, wala kama kanuni zenyewe zamfaa mwenye shamba. Swali hilo lataka hesabu za viwanda vingi kwa miaka mingi, elimu ya uchumi na takwimu, subira ya kukusanya, na ujasiri wa kutetea hoja mbele ya walimu waliokaa tayari kuivunja. Mafunzo ya kazi hiyo ndiyo udaktari.

Wala si ndoto. Mwaka 1968 Ray Ball na Philip Brown walichapisha utafiti waliofanya katika Chuo Kikuu cha Chicago. Walilinganisha faida zilizotangazwa na makampuni na bei za hisa zao, wakaonyesha kwamba tarakimu za wahasibu zina habari ndani yake, ila sehemu kubwa ya habari hiyo ilikuwa imekwisha kufika sokoni kabla ya taarifa ya mwaka. Mwenye hisa wa Marekani alipata mtu wa kumwulizia swali lake. Je, mwenye hisa wa Bureti au Konoin, asomapo taarifa ya kiwanda chake, hupata habari gani, na ni nani aliyeipata kabla yake?

Wapingao wana hoja moja ya haki. Njia ni ndefu na ghali. Marekani, vyuo vingi vya utafiti humsamehe mwanafunzi wa udaktari karo na kumpa posho kwa miaka minne au mitano. Kwetu, wengi hujilipia, hufanya kazi mchana na kusoma usiku. Hoja hiyo nakubali, lakini hukumu yake yaiangukia nchi isiyowalipia watafiti, wala haimwangukii kijana mwenye swali.

Tena siwatetei watafutao jina la Daktari ili waitwe mbele katika harusi na harambee, wala wanunuao tasnifu iliyoandikwa na mkono wa mwingine. Hao wameshika cheo na kuacha kazi, na kicheko cha kijijini ni stahili yao.

Nanyi msomao, pengine mzazi wenu ana kopo lililojaa risiti za majani. Zitoeni, mzipange kwa miezi, mzijumlishe, mzilinganishe na bonasi. Baadhi yenu mtachoka, na si dhambi. Lakini yule atakayeona kwamba hesabu imelingana na swali limebaki, asikubali kuchekwa. Aende chuoni, kama ni Kabianga kilicho papo hapo katika nchi ya chai, kama ni Nairobi au ng'ambo, na asirudi bila jibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali yenye daftari lisiloulizwa hupotea pia, habari zake zikiwa zimeandikwa kwa wino mzuri.