Mukebe Mmoja, Mbegu Moja



Mwezi huu tuzungumze kidogo juu ya mambo ya lupango. Kijana mmoja wa kwetu alinifwata kiisha ibada, akaniambia: "Pasta, miye niko na mbegu ya avoka ndani ya mukebe. Miezi tatu imepita, iko na majani mane tu. Nitakula lini? Afazali niende kuchimba mawe, kule feza inaonekana siku ileile."

Nilicheka, lakini usiku maneno yake yalirudi kwangu. Niliyajua. Niliyasema mimi mwenyewe zamani, tena kwa baba yangu mzazi.

Mwaka 2003 baba alirudi nyumbani kutoka kazi ya migodi, na barua moja mkononi na feza kidogo. Feza ile ilikwisha mbele ya mwaka kuisha. Siku moja mama alinunua avoka moja sokoni, tukaigawanya na mkate. Baba akaokota mbegu katika sahani, akaisafisha, akaiweka ndani ya mukebe wa maziwa ya unga. Nikamwuliza kwa hasira: "Baba, kesho tutakula nini? Na wewe unapanda mti!" Hakujibu. Alikwenda kuchota maji.

Mti ule ulizaa mwaka wa 8. Baba alionja matunda yake misimu miwili tu, kiisha akatuacha. Lakini mdogo wangu wa mwisho alimaliza masomo ya sekondari, na sehemu ya feza ya masomo ilitoka kwa avoka ambazo mama alizipanga juu ya meza mbele ya mlango. Njo maana siwezi kumwambia kijana yule: tupa mukebe wako.

Watu wengine wanasema: "Hiyo si miti ya kwetu." Ni kweli. Avoka ilitoka Meksiko na nchi za jirani. Jakaranda, ile ya maua ya rangi ya zambarau, ilitoka Amerika ya Kusini. Flamboyanti, ya maua mekundu, ilitoka Madagaska. Hata mwembe asili yake ni upande wa India. Lakini mahindi na mihogo ya bukari yetu vilevile vilitoka Amerika, na leo nani anaviita vigeni? Ila neno moja: usikate mti wa masuku kusudi upate nafasi ya mti mgeni. Masuku ilikuwa hapa mbele yetu sote.

Sasa tushike kazi. Jambo la kwanza la kujua: kila mbegu iko na njia yake ya kuamka. Hapa mimi nilikosa. Nilisikia kwamba maji ya moto yanaamsha mbegu. Basi nikachukua mbegu za flamboyanti na za jakaranda, nikaziweka katika bakuli moja, nikamwaga maji ya moto. Flamboyanti ziliota. Jakaranda zilikufa zote. Maji yalikuwa yaleyale! Wazazi, mnanielewa. Watoto wa nyumba moja hawalelewi wote kwa namna moja.

Flamboyanti: ngozi ya mbegu yake ni ngumu sana, maji hayapiti. Chemsha maji, yatoe motoni, uyaache kidogo, kiisha tia mbegu na uziache ndani siku nzima na usiku. Ile iliyovimba, ipande. Ile isiyovimba, ikwaruze kwa saruji upande mmoja, uirudishe katika maji ya baridi.

Jakaranda: mbegu yake ni nyembamba kama karatasi. Yeye maji ya baridi yanamtosha, siku moja. Kiisha mfunike na udongo kidogo tu. Ukimzika chini sana, hatatoka.

Avoka: usikaushe mbegu, ukauke ni kufa. Ipande ingali mbichi, upande mpana chini, upande wa ncha juu, na ncha ionekane kidogo juu ya udongo. Subiri wiki 4 mpaka 8. Wengi wanaitupa katika wiki ya 3.

Usiseme huna vyombo. Mukebe wa nyanya, sashe ya maji iliyotupwa njiani, vyote vinafaa. Toboa matundu chini, maji yapate kutoka, bila hivyo mizizi inaoza. Weka mahali penye kivuli chepesi. Mwagilia wakati udongo umeanza kukauka, si kila saa.

Neno la lazima kwetu watu wa migodi: angalia bulongo unayotumia. Usichote karibu na malundo ya uchafu wa migodi, wala pale ambapo moshi wa kiwanda ulianguka miaka mingi. Kule Lubumbashi kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, na kuna mahali ambapo mpaka leo udongo unabeba shaba na madini mengine, hata nyasi zinakawia kuota. Mti wa chakula usipandwe pale. Tafuta udongo mweusi wa mbali, uchanganye na mbolea ya mifugo iliyooza.

Kama ukianza mwezi wa 8 ao wa 9, unamwagilia kwa mkono mwisho wa kipwa, na wakati mvua imekaa vizuri, mwezi wa 12, miche iliyopata nguvu inaingia katika shimo. Flamboyanti mpeleke mbali na ukuta na mabomba, mita 10 ni vizuri, kwa maana mizizi yake inakimbia juujuu na iko na nguvu.

Na wewe kijana wa avoka, sitakudanganya. Mti wa avoka kutoka mbegu unaweza kungoja miaka 5, hata 10 na zaidi. Tena matunda yake hayatafanana lazima na yale uliyokula. Kama unataka tunda la namna ya mama yake, tafuta mtu anayejua kupandikiza: anakata kitawi cha mti mzuri, anakiunganisha na mche wako, na hapo hata miaka ya kungoja inapunguka. Majani mane yako ni mwanzo wa kazi hiyo.

Ukienda kuchimba mawe, shimo unalochimba leo kesho litakuwa tupu, na wengine hawatoki humo. Sikukatazi kutafuta chakula cha leo, najua njaa ya nyumbani kwenu. Nasema tu: mbele ya kutoka asubuhi, mwagilia mukebe. Ni kikombe kimoja cha maji.

Abrahamu alipanda mti kule Beer-Sheba (Mwanzo 21:33), naye alikuwa amepita miaka 100. Nafikiri wapo vijana waliomcheka, kama mimi nilivyocheka baba.

Tuonane mwezi ujao. Mungu abariki mikono yenu.

Pasta wenu