MAONGEZI YA NYUMBANI: Maji Safi na Chombo Kibovu

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za maji. Si ya kisimani wala ya mtoni, bali maji yaliyokwisha kutekwa na kuwekwa akiba. Kwa maana wengi hushughulika sana kutafuta maji safi, lakini wakiisha kuyapata hawaangalii mahali yanapokaa.

Katika jimbo la Oregon, nchi ya Marekani, uko mji mkubwa uitwao Portland. Wazee wa mji ule walijenga mabirika ubavuni mwa kilima cha Mount Tabor, la kwanza mwaka 1894, ili kuweka maji yaletwayo kwa mabomba kutoka msitu wa Bull Run. Mabirika yale yalikuwa wazi juu, mazuri ya kutazamwa, na watu walizoea kutembea kandokando yake. Lakini kilicho wazi kwa macho ya watu ki wazi pia kwa ndege, kwa mavumbi, na kwa mkono wa mpumbavu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliamuru kwamba maji yaliyo tayari kunywewa yafunikwe, au yasafishwe tena yatokapo birikani. Wenyeji wengi walinung'unika: tumekunywa miaka zaidi ya mia, mbona gharama hii? Hata hivyo mji ulijenga matangi ya saruji chini ya ardhi. La Powell Butte lachukua lita kama milioni 190, na la Kelly Butte kama milioni 95. Lile la Powell Butte lina vyumba viwili, ili kimoja kikisafishwa, cha pili kizidi kuwapa watu maji. Mwishoni mwa mwaka 2015 mabirika ya Mount Tabor yalitengwa na mabomba ya mji.

Je, kufunika peke yake kwatosha? Sikieni habari za Alamosa, mji mdogo wa jimbo la Colorado. Maji yake yalitoka visima virefu, nayo yalihesabiwa kuwa safi hata hayakutiwa dawa ya klorini. Tangi lao liitwalo Weber lilijengwa mwaka 1979, tena lilikuwa na paa. Lakini likapata nyufa na matundu, na ukaguzi wa mwaka 1997 ulikwisha kuonyesha uchakavu wake. Mwezi wa Machi 2008 mamia ya watu walishikwa na kuhara na homa kwa vijidudu vya salmonela, na mtu mmoja akafa. Wachunguzi walisema yamkini mavi ya ndege au ya wanyama wadogo yalipenya humo. Kisima hakikuwa na kosa. Chombo ndicho kilichoharibu.

Basi, akina mama na akina baba, itazameni mitungi yenu, na mapipa ya maji ya mvua. Kila chombo kiwe na kifuniko kinachokaa sawasawa. Kata iwe na mpini mrefu, itundikwe, isilazwe chini. Mdomo wa bomba la kupunguzia maji ufungwe wavu, mjusi na panya wasipite. Chombo kisuguliwe ndani kila kiishapo maji. Na ninyi waalimu, msingoje mtoto augue; pandeni ngazi mkatazame tangi la shule kabla ya mvua kuanza, na mkiona ufa, msiuandike kitabuni tu, uzibeni.

Maana ufa ulioonekana ukaachwa ni hatari kuliko usioonekana. Ndivyo ilivyo na mafundisho pia. Neno tulilopokea ni safi tangu chemchemi yake, lakini hukaa ndani yetu sisi tulio vyombo, na watoto wetu hunywa kwetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu ni wa nyumba ya watu wengi. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.